Kamera ya joto kwenye macho: inachokiona na isichokiona

Wiki hii naomba niandike jambo lililotokea nyumbani kwetu, na ambalo sehemu ya kosa ni langu mwenyewe.

Mwaka jana, Jumamosi moja baada ya swala ya Alasiri, vijana watatu walisimamisha tenti kwenye uwanja ulio karibu na mtaa wetu. Walikuwa na meza, feni ya kusimama, kipaza sauti, na simu iliyochomekwa kamera ndogo. Tangazo lao lilikuwa fupi: pima macho kwa kamera ya joto, bila kuguswa, bila dawa, bila maumivu, dakika moja, shilingi 500. Mtu akikaa kitini, kijana anamwelekezea simu usoni, na papo hapo uso wake unatokea kwa rangi za kupendeza, nyekundu, njano, kijani na buluu. Picha inatumwa kwa WhatsApp pamoja na majibu. Mwenye wekundu machoni aliambiwa ana "moto wa macho" na akauziwa kichupa cha dawa ya matone. Mwenye buluu aliambiwa macho yake ni mazima.

Kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 54, alinijia barazani akaniuliza, "Wewe ndiye fundi. Kitu hiki ni cha kweli au ni uongo?"

Mimi si daktari. Nina diploma ya ufundi wa umeme na kamera ya joto ni kifaa changu cha kazi. Nikamjibu bila kufikiri, "Kamera ni ya kweli, kaka. Kazini twaitumia kila mwezi. Haidanganyi."

Akaenda, akalipa, akapata buluu. "Macho yako poa, mzee," aliambiwa. Akarudi akicheka, na kuanzia siku ile nikashindwa kumwambia chochote kuhusu kwenda hospitali. Kila nikimgusia alinirudishia maneno yangu: "Si wewe ulonambia kamera hizi hazidanganyi?"

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa nimemsisitiza aende hospitali. Marehemu baba yetu alikufa akiwa haoni. Alipofushwa na glakoma, ugonjwa ambao wengi hapa kwetu tunauita presha ya macho. Mtu mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata glakoma yuko katika hatari zaidi kuliko wengine. Hatari hiyo huongezeka baada ya miaka 40, na sisi watu wenye asili ya Afrika tumo katika wale wanaoupata zaidi na mapema zaidi. Kaka alikuwa na alama zote tatu.

Kwa hiyo swali alilokuja nalo kaka lilikuwa kuhusu macho yake. Mimi nilimjibu kuhusu kamera. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kamera hii hufanyaje kazi?

Mwaka 1800, mnajimu wa huko Uingereza aitwaye William Herschel, yule yule aliyeigundua sayari ya Uranus, aliupitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo cha pembe tatu ili ujigawe rangi kama upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Alipokiweka kimoja nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, kipimajoto kilipanda zaidi. Akajua kuna miale isiyoonekana. Hiyo ndiyo tunayoiita leo infraredi.

Kila kitu chenye joto hutoa miale hiyo: ukuta, sufuria, paka, mwili wa binadamu. Kadiri kitu kinavyokuwa na joto ndivyo kinavyoitoa kwa wingi. Kamera ya joto huipokea miale hiyo, huipima, kisha hupaka rangi kulingana na kiasi. Haitoi mwale wowote wa kumwingia mtu. Hapo vijana wale walisema kweli: haiumizi na haina madhara.

Kazini kwangu tunaielekeza kwenye makabati ya umeme. Kiungio cha waya kikilegea, au swichi ikizidiwa, panapata moto kabla ya kuungua. Kamera huonyesha doa jeupe au jekundu, nasi tunazima na kukaza kabla ya hasara. Lakini kila fundi anajua sharti la kwanza: lazima ufungue mlango wa kabati. Ukiielekeza kwenye kabati lililofungwa, utapata joto la bati la mlango tu. Yaliyomo ndani hutayaona. Sharti hilo likumbuke, kwa sababu ndilo nililolisahau siku ile barazani.

Joto la jicho linatoka wapi?

Ndani ya mwili joto letu ni kama nyuzi 37 za selsiasi. Uso wa jicho uko chini kidogo, kwa kawaida karibu na nyuzi 34 au 35. Sababu yake ni nzuri kuijua.

Sehemu ya mbele ya jicho, ile iliyo angavu kama kioo cha saa, huitwa konea. Konea haina mishipa ya damu, maana ingekuwa nayo mwanga usingepita vizuri. Joto lake hulipata kutoka kwenye maji yaliyo nyuma yake na kutoka pembeni, ambako kuna mishipa ya damu. Ndiyo sababu katikati ya konea ni baridi kidogo kuliko ukingoni. Na juu ya konea kuna utando mwembamba wa machozi ambao hukauka kidogo kidogo na kupoza jicho, kama vile maji kwenye mtungi wa udongo yanavyopoa kwa kuvuja na kukauka nje.

Kila tunapopepesa macho, kope hupaka machozi mapya na kurudisha joto. Tukiacha macho wazi, machozi hukauka na uso wa jicho hupoa. Kamera nzuri inaweza kuyaona haya yote sekunde kwa sekunde.

Sayansi hii si ya jana. Mwaka 1968, daktari Mwingereza aitwaye Mapstone alichapisha vipimo vya joto la konea alivyovipata kwa kutumia infraredi, bila kuligusa jicho. Kabla ya hapo wengi waliojaribu waliligusa jicho kwa kifaa, na jicho ukiligusa linatoa machozi, kipimo kinaharibika. Tangu wakati huo kamera zimekuwa bora zaidi na watafiti wa nchi nyingi wameendelea na kazi hiyo.

Inachokiona vizuri

Nisije nikaonekana nakipiga vita kifaa. Kamera ya joto ina kazi ya kweli kwenye macho, nami nazitaja kazi zenyewe.

Ya kwanza ni ukavu wa macho. Kwenye kingo za kope kuna tezi ndogo ndogo zinazotoa mafuta ya kufunika machozi yasikauke upesi. Tezi zikiziba, machozi hukauka haraka, na jicho hupoa haraka kati ya pepeso moja na nyingine. Mtu analalamika macho yanamchoma, yanawasha, kama yana mchanga. Kamera inaweza kumsaidia mchunguzi kuona kasi hiyo ya kupoa.

Ya pili ni uvimbe wa juu ya jicho. Penye uvimbe damu huja kwa wingi, na damu huleta joto. Jicho jekundu la maambukizi au la mzio huwa na joto zaidi. Ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokeza macho nje pia umechunguzwa kwa njia hii, ili kujua kama uvimbe bado ni mkali au umetulia.

Ya tatu ni mshipa mkubwa wa damu wa shingoni. Ukiziba upande mmoja, jicho la upande huo hupata damu kidogo na huweza kuwa baridi kuliko mwenzake.

Ya nne imo chumba cha upasuaji. Mashine inayovunja mtoto wa jicho kwa mtetemo wa kasi hutoa joto, na watafiti wameitumia kamera hii kuangalia jeraha lisiungue.

Na ya tano sote twaikumbuka. Wakati wa korona mwaka 2020, tulielekezewa vipimajoto kwenye paji la uso kila mlango, wa duka na wa msikiti. Kamera kubwa za joto za kupima watu hupendekezwa zielekezwe mahali pengine: kwenye pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua. Ngozi ya hapo ni laini na mishipa ya damu iko karibu, kwa hiyo joto lake linakaribia joto la mwili kuliko sehemu nyingine za uso.

Isichokiona kabisa

Ukizitazama kazi hizo vizuri, utaona zina kitu kimoja. Zote ni za juu ya jicho, au ni za damu inayoleta joto mpaka juu. Hakuna hata moja inayoangalia ndani.

Miale inayopokelewa na kamera ya joto haipiti kwenye kioo. Nimelijaribu hilo mara nyingi kazini. Ukimwelekezea kamera mtu aliyevaa miwani, miwani yake inatokea nyeusi kama ya jua, na macho huyaoni. Ukimwelekezea aliye nyuma ya dirisha, unajiona wewe mwenyewe kama kwenye kioo cha kujitazamia. Cha ajabu ni kuwa ukiweka mkono ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2017, kamera inauona mkono kupitia mfuko. Lakini chovya mkono huo huo kwenye beseni la maji, na unapotea mara moja. Maji, hata yakiwa membamba, huizuia miale hiyo kabisa.

Na jicho ni nini ila maji? Mbele lina machozi, nyuma ya konea lina maji, katikati lina lenzi, na nyuma ya lenzi kuna ute kama jeli. Kamera ya joto hukomea kwenye machozi. Kabati limefungwa mlango.

Yaliyo nyuma ya mlango huo ndiyo yanayopofusha watu. Mtoto wa jicho umo kwenye lenzi. Madhara ya kisukari yamo kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, ambapo mishipa midogo ya damu huvuja na kuziba. Glakoma imo kwenye mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Wapo watafiti waliopima joto la macho yenye glakoma au ya wagonjwa wa kisukari na wakakuta tofauti ndogo za wastani kati ya makundi. Lakini tofauti ya wastani kati ya makundi haitoshi kumwambia mtu mmoja aliyeketi kitini kwamba wewe unaumwa au wewe ni mzima.

Glakoma ina ubaya mwingine. Aina iliyo ya kawaida haiumi na haileti wekundu wala joto. Huanza kula pembeni, na jicho la pili hufidia, hivyo mwenyewe hajui. Kwa kamera ya joto, jicho linalokufa kwa glakoma linaweza kutoa picha nzuri ya buluu kama la mtoto.

Nieleze na hili, kwa sababu jina huchanganya watu. Hospitalini kuna mashine za infraredi zinazoona ndani ya jicho kweli. Ile inayopiga picha ya tabaka za retina hutumia miale ya infraredi iliyo karibu na mwanga mwekundu. Hiyo hupita kwenye maji na lenzi bila shida, ikafika nyuma na kurudi. Nyingine hupiga picha ya zile tezi za mafuta ndani ya kope. Hiyo ni infraredi ya aina nyingine kabisa, na mashine yenyewe ndiyo inayotoa mwanga wake. Kwa hiyo mtu akikwambia "hata hospitali wanatumia infraredi", amesema kweli lakini hajakwambia yote.

Rangi zinavyoweza kudanganya

Kuna jambo jingine ambalo sisi mafundi tunafundishwa siku ya kwanza na mteja haambiwi. Zile rangi si za kitu chenyewe. Programu ndiyo inayoamua nyuzi ngapi ziwe nyekundu na nyuzi ngapi ziwe buluu, na kamera nyingi hubadilisha mgawanyo huo zenyewe kulingana na kilichomo kwenye picha. Uso ule ule ukipigwa mbele ya ukuta uliochomwa na jua unaweza kuonekana wa buluu. Ukipigwa mbele ya ukuta wa chumba chenye kipoza hewa unaonekana mwekundu. Jicho halikubadilika.

Kisha angalia ukubwa wa tofauti tunayoitafuta. Kati ya jicho zima na jicho lenye tatizo, tofauti mara nyingi ni nusu nyuzi au nyuzi moja. Kamera ndogo za kuchomekwa kwenye simu, watengenezaji wake wenyewe huandika kwenye karatasi kwamba joto linalosomwa linaweza kukosea kwa nyuzi 2, 3 au zaidi. Kwa kutafuta swichi iliyofika nyuzi 90 katikati ya zenzake zenye 40, hiyo inatosha sana. Kwa nusu nyuzi ya jicho, haitoshi. Kitu inachoweza kufanya vizuri zaidi ni kulinganisha jicho la kulia na la kushoto katika picha moja.

Watafiti wanaofanya kazi hii kwa dhati humweka mtu kwanza katika chumba chenye joto lisilobadilika, bila upepo, akatulia muda wa dakika kumi au ishirini. Humwambia afumbe macho, ayafumbue, kisha huhesabu sekunde. Sisi tulipimwa wapi? Chini ya tenti, saa kumi jioni, katikati ya kaskazi, watu wakitoka juani moja kwa moja, na feni ikivuma usoni. Feni ile peke yake hukausha machozi na kulifanya jicho kuwa baridi. Aliyeketi karibu na feni alikuwa na nafasi nzuri ya kupata buluu.

Na jambo la kifaa kuuzwa zaidi ya uwezo wake halikuanzia kwetu. Mwaka 2011, FDA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia dawa na vifaa vya tiba, lilitoa onyo kwa wanawake kwamba kamera ya joto isichukuliwe badala ya eksirei ya matiti katika kutafuta saratani. Hoja ni ile ile: aliyeambiwa ni mzima kwa kipimo kisichofaa huacha kwenda kwenye kipimo kinachofaa.

Yaliyompata kaka

Miezi minane baada ya tenti, shemeji alinipigia simu. Alisema kaka siku hizi anagonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango, na kwamba Alfajiri moja msikitini alimkanyaga mtoto aliyeketi kuliani kwake, akasema hakumuona. Nilimchukua kesho yake. Njiani hakuongea nami.

Hospitalini hawakuanza na mashine ya ajabu. Walianza na ubao wa herufi, na kaka alisoma mpaka mstari wa chini karibu wote. Akanitazama kama kwamba ameshinda. Kisha wakampima presha ya macho. Ya kawaida huwa kati ya 10 na 21. Jicho la kulia lilikuwa 32, la kushoto 27. Wakamtia dawa ya kupanua mboni, tukangoja, daktari akaangalia nyuma ya jicho kwa taa na lenzi. Mwisho akakalishwa mbele ya mashine akaambiwa abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Nikawa nauona mwanga unawaka upande wa kulia na kidole chake hakisogei.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimwambia, "Mzee, kilichopotea jicho la kulia hatuwezi kukirudisha. Tulichonacho sasa ni kukilinda kilichobaki. Na kilichobaki si kidogo."

Kaka akatoa simu, akamuonyesha ile picha ya buluu. "Lakini daktari, hawa waliniambia ni mazima."

Daktari aliiangalia kwa heshima, hakucheka. Akasema, "Hii inaonyesha machozi yako, mzee. Machozi yako ni mazima."

Nilimuuliza faraghani kama miezi ile minane ndiyo iliyoharibu. Alinijibu kwamba ugonjwa ule ulianza zamani, na hakuna anayeweza kupima ni kiasi gani kilipotea katika miezi ile. Jibu hilo limenikaa. Lau angesema hapana, ningelala vizuri.

Sasa tufanye nini?

Ukisikia tangazo la kupimwa macho mtaani, usikimbie na usirukie. Kambi za macho za kweli zipo, na zimewafaa wengi katika Pwani yetu. Uliza maswali manne tu kabla ya kutoa pesa. Mnapima ugonjwa gani hasa? Mko chini ya hospitali gani, na aliyehitimu tiba ya macho ni nani kati yenu? Mtaangalia nyuma ya jicho na kupima presha yake? Mkikuta tatizo, mtanipeleka wapi? Jibu la swali la nne likiwa ni kichupa cha matone kilichopo mezani, shukuru ondoka. Matone mengine ya kuondoa wekundu yana dawa za steroidi, na hizo zikitumiwa ovyo zinaweza zenyewe kupandisha presha ya jicho.

Ukishafika miaka 40, nenda ukapimwe hata kama unaona vizuri. Ukiwa na kisukari, nenda kila mwaka na uhakikishe umepanuliwa mboni. Siku hiyo usiendeshe chombo na chukua mtu wa kukushika mkono, maana utaona ukungu kwa saa kadhaa. Kama mzazi au ndugu yako amewahi kupata glakoma, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Na kununua miwani ya kusomea dukani si kupimwa macho.

Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba kwa wasiopungua bilioni moja kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijatibiwa. Marehemu baba yetu alikuwa mmoja wa watu wa aina hiyo. Mtoto wake nusura amfuate njia ile ile, na aliyemshika mkono kumpeleka ni mimi.

Kaka sasa hutia tone moja kila macho kila usiku kabla ya kulala. Presha imeshuka, jicho la kushoto alhamdulillahi limesimama pale pale. Ramadhani iliyopita aliogopa kwa ajili ya saumu, lakini tone lake ni la usiku, halikumletea shida. Walio na dawa za mchana wasiache wenyewe. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameona kuwa tone la jicho halifunguzi, kwa hiyo muulize sheikh wako na daktari wako mapema kabla mwezi haujaandama.

Mimi nami nimepimwa, pamoja na dada zetu wawili. Mmoja amekutwa na presha ya juu kidogo na mshipa bado uko salama. Ameanza dawa mapema.

Wale vijana nilikutana nao tena mwezi uliopita, mtaa mwingine. Niliwaeleza haya niliyokuelezeni. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kamera yake anaweza kuitumia kwenye kazi ya umeme. Nikamwambia aje, nitamfundisha. Kabati la kwanza nitakalomuonyesha nitalifunga mlango, nimuulize anaona nini ndani.